Mishono Saba

Jumatano, 4 Machi

Kaka,

Shikamoo.

Kovu la Mama lilipotea jana Jumanne, tarehe tatu Machi, saa kumi na mbili kasorobo jioni. Nilibonyeza kwenye kompyuta kusuka upya wavu wa sura yake kwa milimita mbili, nikaenda jikoni kuzima jiko, niliporudi uso wa Mama ulikuwa laini kama yai. Nikahifadhi kabla sijaukagua. Hilo kosa ni langu, naliandika mapema usije ukapata kazi ya kunionyesha.

Nakuandikia kwa sababu simu yako ina tabia ya kukatika swali linapofika. Barua haikatiki.

Wewe ulisomea kazi hii, ukapewa na cheti. Mimi nimejifundisha kwenye meno. Miaka saba nachonga meno ya watu kwenye kompyuta ya maabara, na jino likizidi sehemu moja ya kumi ya milimita, mgonjwa anarudi kesho yake kusema mdomo haufungi. Kwa hiyo nijibu kama fundi mwenzako, siyo kama mdogo wako.

Hali ni hii. Mzee wa shaba, atakayeimimina sura ya Mama, anataka iwe kitu kimoja, isiyo na tundu, wavu wake uwe na macho yanayolingana. Faili ulilonitumia lina wavu uliovutika: mashavuni macho mapana, puani yamebanana kama abiria. Lazima usukwe upya. Nikisuka kwa milimita mbili, uso unatulia, lakini midomo inashikana, mikunjo ya macho inafutika na kovu linakwenda nayo. Nikisuka kwa sifuri nukta sita, mikunjo inabaki, ila unatokea mstari chini ya jicho la kulia, mwembamba kama uzi, unashuka hadi kona ya mdomo. Naulainisha, unaondoka. Nasuka tena, unarudi pale pale. Nimefanya hivyo mara kumi na tisa. Nimekwama kati ya mbili na sifuri nukta sita, na katikati hapo kila namba ina ugonjwa wake.

Chumba cha Mama unakijua. Dirisha moja, na mbele ya dirisha ukuta wa jirani, ukinyoosha mkono unaugusa. Meza nimeiweka kitanda kilipokuwa. Mlango nauzuia kwa tofali. Kompyuta inavuma, ukuta unarudisha mvumo, nami nakaa katikati tangu natoka maabara hadi giza. Nimeapa nikimaliza sura hii nahama nyumba hii. Nimeshaonyeshwa chumba karibu na kazini, chenye madirisha mawili, na mwenye nyumba amesema ananingojea hadi mwisho wa mwezi huu, basi. Nimekaa hapa na Mama miaka kumi na moja, Kaka, na miezi minne na mzimu wake kwenye kioo cha kompyuta.

Ijumaa tarehe 27, saa sita mchana, Mzee wa shaba anapokea faili za mwisho. Ikipita hapo, shule itafungua maktaba ya Mama na jiwe tupu mlangoni. Miaka thelathini na moja amefundisha pale, halafu jiwe tupu.

Ninachotaka ni kimoja. Nitumie zile picha mia na arobaini ulizompiga tarehe 14 Juni, siku ya mwisho ya likizo yako na siku pekee uliyofika nyumbani. Sitaki faili, nataka picha zenyewe. Sura uliyotengeneza haikuwa na kovu. Nilisema moyoni simu imelilainisha, nikalichonga mwenyewe kwa kumbukumbu ya vidole. La Januari nililokutumia lilikuwa la kubahatisha, nundu tu ya kushika nafasi. Lililopotea jana ndilo lilikuwa lenyewe, kazi ya siku kumi na moja. Sasa nataka kuliona kwa macho.

Maneno ya kibao cha chini ya sura nimeyaandika kama ulivyosema: "Imechongwa na wanawe." Basi leta sehemu yako.

Mdogo wako

*

Jumapili, 8 Machi

Rula wangu,

Marahaba. Toka utotoni ukipewa kipande cha sabuni unakipima kwanza ndipo unaoga, na naona hujapona. Nimecheka hapo kwenye "mara kumi na tisa". Mtu mwingine angeandika "mara nyingi".

Tulia, hakuna kilichoharibika ambacho hakitengenezeki. Fuata hivi. Kwanza, angalia ukubwa. Faili langu lilikuwa kubwa kama nyumba, wewe ukalipunguza kwa macho. Programu bado inaamini ni nyumba, kwa hiyo milimita zako siyo milimita. Uthibitishe ukubwa mpya kabla ya kusuka. Pili, tafuta nyuso ndogo za wavu zilizogeuka ndani-nje, zigeuze. Tatu, vishikizo, pale nyuzi za wavu zinapokutana, vilivyorudufiwa, viunganishe. Nne, usiruke kutoka mbili hadi sifuri nukta sita. Shuka ngazi: mbili, moja nukta mbili, nukta nane. Kila ngazi bandika mikunjo ya nakala ya zamani juu ya wavu mpya. Huo mstari wako ni takataka ya kawaida, huku studio tunaziona kila siku.

Picha zipo kwenye diski ya zamani, na diski ipo kwenye moja ya maboksi. Unajua nilihama Januari. Nikiipata nitakutumia.

Ila usijitese na kovu. Lile la kidevuni, la maji ya moto, ni brashi moja tu unalirudisha, na kwenye shaba nani atalitafuta? Na kwa kuwa umelitaja la Januari: pale juu ya nyusi ya kushoto kulikuwa na nundu ndefu ndefu. Nilitaka kukuambia siku nyingi uifute. Hiyo ni kasoro ya simu. Mwanga ukiruka, simu inabuni nyama pasipo na nyama. Kama kusuka upya kumeiondoa, kompyuta imekufanyia hisani.

Kibao kibaki hivyo hivyo, "wanawe". Wazo la Mama kuwa pale mlangoni, nasi wawili chini yake, linanipa usingizi huku ugenini.

Kaka yako

*

Jumanne, 10 Machi

Kaka,

Shikamoo.

Ukubwa ulikuwa sahihi. Niliuthibitisha tangu Novemba, maana kazini kwetu asiyeuthibitisha anamtilia mtu jino la ng'ombe. Nyuso zilizogeuka zilikuwa mia nne na kumi na mbili, nimezigeuza. Vishikizo rudufu elfu mbili na sitini, nimeviunganisha. Nimeshuka ngazi zako zote. Mstari upo. Sasa una na mwenzake puani.

Jumapili nilifungiwa. Upepo ulipita dirishani, mlango ukasukuma tofali ukajifunga, nikakaa humu saa tatu na robo. Simu ilikuwa jikoni. Nimepiga kelele hadi sauti ikakauka. Aliyenifungulia ni Mama Pacha wa jirani, alikuja kuazima pasi. Akaitazama kompyuta kwa muda, akasema, "Mbona umejichonga mwenyewe? Na umekuwa bibi lini?" Nikamwambia hiyo ni sura ya Mama. Akasema haya, mradi mwenye macho kaona. Mwalimu mkuu alipoiona alitoa leso, akasema ni yeye mtupu. Kila mtu anaona anachokuja nacho, lakini sikulala vizuri.

Sasa nundu. Ile siyo kasoro, Kaka. Ndilo kovu ninalolisema. Mama alianguka bafuni Ijumaa tarehe 23 Mei, wiki tatu kabla hujaja. Nilikuambia kwenye simu kwamba ameanguka, ukasema pole mpe simu nimsalimie, halafu ikakatika. Alishonwa mishono saba juu ya nyusi ya kushoto. Urefu milimita thelathini na moja, limepinda kidogo mwishoni kama ndoana. Siku uliyompiga picha nyuzi zilikuwa zimetolewa siku tisa tu, na mahali penyewe palikuwa pamevimba na pekundu. Mtu angeliona kutoka mlangoni.

Nakukumbusha na siku yenyewe. Nilikuachia nyumba saa nane mchana nikaenda kuchukua dawa zake, kwa sababu ulisema unataka kukaa naye peke yenu, umpige picha taratibu. Nilirudi saa kumi na dakika ishirini. Wewe ulikuwa umekaa kwenye ngazi za jikoni. Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda akiutazama mlango, akaniambia neno moja: "Nimegonga." Siku zile alikuwa anameza silabi, nikajua anataka kusema amejigonga. Nikamshika kichwa chote, kwa vidole vyote kumi, nikitafuta nundu mpya. Sikuipata. Jioni nikamshika tena, na kesho yake asubuhi. Ndivyo nilivyolijua lile kovu, mshono kwa mshono, kwa kutafuta kidonda ambacho hakikuwepo.

Umemzunguka Mama mara mia na arobaini ukiwa na simu mkononi. Hukuliona?

Labda mwanga. Nakuachia hapo mlango wazi. Tafuta diski.

Mdogo wako

*

Jumamosi, 14 Machi

Rula,

Marahaba. Pole kwa kufungiwa. Ule mlango unakwama tangu tukiwa watoto. Siku nyingine uupige bega, usingoje pasi za watu.

Kuhusu kovu, umejibu mwenyewe: mwanga. Alikuwa amejifunga kitambaa, na amekishusha mpaka kwenye nyusi, unajua alivyopenda. Sikutaka kumsumbua kumwambia akivue. Ndiyo maana kwenye picha hakuna kitu, na ndiyo maana nilipoiona nundu yako nikadhani ni takataka. Tuyaache hayo. Hata wewe uliyekuwa naye kila siku ulilikosea mara ya kwanza.

Diski nimeipata, lakini haifunguki. Inalia kama kinu. Nimempa fundi.

Nimefikiria mstari wako. Ushauri wangu wa mwisho, na ni ushauri wa mtu mwenye miaka kumi kwenye kazi hii: suka kwa moja nukta mbili, kubali mikunjo ipungue, peleka. Shaba yenyewe inakula nusu ya unachochonga. Na tafadhali usianze kuipasua sura kutafuta tatizo ndani. Najua watu wa meno mnapenda kupasua. Ukipasua huu wavu, kingo hazitarudiana, na ukikosea hapo tarehe 27 itakukuta na vipande viwili. Ndani hakuna kitu. Fanyia kazi ngozi.

Huku mvua haikatiki. Nina wiki sita sijaona jua.

Kaka yako

*

Jumanne, 17 Machi

Kaka,

Nimeipasua.

Nilitengeneza nakala kwanza, sina wazimu. Jumapili saa nne asubuhi nilipitisha bapa la kukatia kutoka utosini hadi shingoni, nikaiweka nusu moja pembeni. Kuna jambo moja katika barua yako lililonifanya nikate. Mtu akiniambia jino lina ufa, namuuliza ufa uko wapi. Akiniambia "ndani hakuna kitu" kabla sijamuuliza cha ndani, nachukua msumeno.

Ndani ya kichwa cha Mama kuna kichwa kingine.

Ni kizima, kina pua, masikio, kope. Ulichukua kichwa kilichokuwepo, ukakivalisha ngozi ya uzee juu yake, ukashusha mashavu, ukachora mikunjo, halafu cha ndani ukasahau kukitoa. Penye paji la uso kimeachana na cha nje milimita nne. Penye shavu la kulia vimegusana, na cha ndani kinachungulia nje kwa kiasi cha unywele. Nikisuka kwa milimita mbili, programu haioni unywele, inafunika. Nikisuka kwa sifuri nukta sita inauona, inaushona kwenye ngozi ya nje, ndiyo huo mstari. Miezi minne nalainisha shavu la mtu aliye chini.

Sikuhitaji muda mrefu kumtambua. Sikio la kushoto limetogwa mara mbili. Kidevu kina kishimo. Nywele zimefungwa kwa kile kitambaa changu chenye fundo kubwa, cha Desemba ya mwaka juzi, uliponikalisha kwenye kiti jikoni ukasema umenunua simu mpya unataka kuijaribu, "kaa hivyo hivyo, Rula, usicheke, nitakuchelewesha dakika tano tu."

Nimepima pia, ujue siyo hisia. Miwani ya Mama ninayo hapa, na karatasi yake. Kati ya mboni na mboni alikuwa na milimita sitini na nne. Sura uliyoleta ina hamsini na tisa. Nilisimama mbele ya kioo na rula. Mimi nina hamsini na tisa.

Kwa hiyo mwalimu mkuu alitoa leso kwa ajili yangu. Mama Pacha, asiyejua hata kuwasha kompyuta, aliona kwa jicho moja kitu nilichokitazama miezi minne nisikione. Nimemuosha Mama uso miaka kumi na moja, halafu nikakaa kwenye chumba chake, penye kitanda chake, ninajizeesha mwenyewe kwa mkono wangu nikiita jina lake. Kitu kimoja tu kwenye sura ile kilikuwa cha Mama kweli. Ndicho ulichoniambia ni kasoro, nikifute.

Hakukuwa na picha mia na arobaini. Hakukuwa na picha hata moja. Nieleze ulikuwa unafanya nini humu chumbani kuanzia saa nane hadi saa kumi.

Mdogo wako

*

Ijumaa, 20 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa kazini, nikatoka nje nikasimama kwenye maegesho kama mtu aliyesahau gari lake.

Ni kweli. Sikumpiga picha. Nilikuwa nimeahidi sana, nimemwambia kila mtu, hata mwalimu mkuu alishaambiwa kwamba Mama ana mtoto mtaalamu. Ulipoondoka nikachukua simu nikaingia. Mama akakataa. Alisema uso wake umeharibika, hataki kubaki nao. Ningemlazimisha? Nikaiweka simu mfukoni.

Nilipofika huku nikaona aibu. Nilikuwa na kichwa chako kwenye kompyuta. Mmefanana, Rula, kila mtu anasema mmefanana. Nikaona nianze nacho, wewe utamalizia, na asiyejua hataumia. Nilikosea kutokukuambia, na nilikosea zaidi kusema habari ya kitambaa. Niliogopa ungenidharau.

Lakini usinivue na kile kimoja nilichobaki nacho. Nilikaa naye. Nilifunga mlango kabisa nyuma yangu, kwa sababu watoto wa jirani walikuwa wanapiga kelele na sikutaka mtu atuingilie. Tukakaa sisi wawili humo, saa mbili nzima. Alinishika mkono. Hatukuongea sana. Aliposinzia nikauachia mkono wake taratibu, nikatoka, nikaurudishia mlango asisumbuliwe, nikaenda kukungojea kwenye ngazi za jikoni. Saa mbili zile ndizo mazishi yangu, maana ya kweli sikuweza kuja. Nikiamka vibaya huku, nazirudia dakika kwa dakika.

Kifute cha ndani. Rudisha kovu lake. Sura itakuwa ya Mama vya kutosha, na hakuna wa kujua ila sisi. Kibao nakuomba kibaki "wanawe". Hiyo ndiyo ruhusa pekee ninayokuomba.

Kaka yako anayekukosea na kukupenda

*

Jumatatu, 23 Machi

Kaka,

Barua yako nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza nililia, na nilikusamehe, uelewe hilo. Nilikuandikia hata jibu la kukusamehe, liko hapa mezani. Mara ya pili niliisoma kama fundi.

Maneno yako pia nimeyapitisha bapa katikati. Kwa nje yametulia, hayana tundu. Mstari uko mahali pamoja tu: "Nilifunga mlango kabisa nyuma yangu."

Ule mlango haukwami, Kaka. Ulikuwa unakwama tukiwa watoto, niliurandisha mwaka wa pili wa ugonjwa wa Mama. Ulipoandika niupige bega nilidhani ni mzaha wako, sikujibu. Kilichopo ni kwamba upande wa ndani hauna mkono wa kitasa. Ulidondoka Aprili mwaka jana, miezi miwili kabla ya likizo yako, nikawa nasema nitanunua mwingine, halafu Mama akaanguka, nikasahau mambo ya vitasa. Ndiyo kazi ya tofali. Nje unashika, unafungua. Ndani kuna tundu la mraba tu, na kidole hakigeuzi tundu. Mlango ule ukifungwa, aliye ndani hatoki mpaka aliye nje amfungulie. Mimi mwenyewe, mzima, mwenye mikono inayoshika patasi, nilikaa saa tatu na robo nikingoja mtu wa pasi.

Kwa hiyo ungeufunga nyuma yako ukiwa ndani, ningewakuta wote wawili humo saa kumi na dakika ishirini, na leo ingekuwa hadithi ya kuchekesha. Sikukuta hivyo. Nilikuta mlango umefungwa, tofali liko nje ukutani, na wewe kwenye ngazi za jikoni. Kutoka ngazi za jikoni hadi mlango wa Mama ni hatua tisa. Nimezihesabu leo asubuhi, kwenda na kurudi.

Hukuingia. Ulifika mlangoni, labda ulimwona jinsi alivyokuwa, na kovu hukuliona kwa sababu hukumtazama usoni. Ukasogeza tofali kwa mguu, ukauvuta mlango. Sikulaumu kuogopa. Mimi pia niliogopa, ila mimi ndiye niliyekuwa na zamu. Na hukujua habari ya kitasa, hilo nakuandikia kabisa upande wako wa hesabu.

Lakini sasa nalisikia upya lile neno lake. Hakumeza silabi. Hakutaka kusema amejigonga. Alisema "nimegonga", na alimaanisha amegonga. Alikuwa ukingoni mwa kitanda akiutazama mlango, na mimi badala ya kumuuliza amegonga wapi, nikaanza kumshika kichwa. Siku mbili nzima natafuta nundu. Mkono wake wa kulia sikuutazama. Akafa tarehe 19 Agosti akijua alisema, na akijua sikuelewa.

Sasa kazi, maana muda unakwenda. Kichwa cha ndani nimekitoa, na cha nje nimekitupa nacho. Nimeanza upya Jumamosi, kwa ruhusa ya maabara nimechukua siku tano. Sina picha ya maana, nina miwani yake, sitini na nne, nina meno yake ya bandia niliyomchongea mwenyewe, na nina vidole kumi. Sura haina mikunjo mingi, sijaweza yote. Kovu lipo, milimita thelathini na moja, mishono saba. Nimeisuka upya kwa sifuri nukta sita asubuhi hii. Hakuna mstari. Mama Pacha ameiona, akaisogezea kiti kama mgeni kaingia.

Kilichobaki ni kibao. Mzee wa shaba anasema maneno yaende pamoja na faili, baada ya hapo shaba haifutiki. Nina maneno mawili hapa, "wanawe" na "mwanawe". Yanatofautiana herufi moja tu.

Swali langu siyo kama uliingia. Hilo nimeshalijibu. Kutoka hatua tisa, mchana, na jikoni hakuna redio. Mama alipogonga, ulimsikia au hukumsikia?

Sitaki habari ya watoto wa jirani. Sitaki simu, usinipigie. Andika "nilimsikia" au andika "sikumsikia", na lolote utakaloandika nitaliamini, sitalipima, na sitakuuliza tena maisha yangu yote. Leo usiku nalala humu kwa mara ya mwisho, kesho nahamia kwenye madirisha mawili. Ijumaa nakwenda kwa Mzee wa shaba, na mkononi nitakuwa na faili moja na nafasi ya neno moja.

Nataka jibu lako Ijumaa hii, tarehe 27, kabla ya saa sita kasorobo.

Rula